Matanga Yasiyoanuliwa: Historia ya Hadithi za Mpenzi Aliyerudishwa na Mashine

Siku hizi vijana wengi hapa kambini wameshasikia kwamba kuna programu za simu zinazoweza kuongea kama mtu aliyekufa. Unaipa meseji zake za zamani, unaipa sauti yake, halafu inakujibu kama yeye. Wengine wanacheka, wengine wanaogopa, wengine wanauliza pembeni ni bei gani. Na karibu wote wanadhani jambo hili ni jipya, limekuja juzi na akili bandia, ile ambayo Watanzania wanaiita akili mnemba.

Mashine ni mpya kweli. Hadithi yake ni ya zamani sana. Kwa karibu miaka 2000 watu wameandika hadithi za mapenzi ambamo mtu amefiwa, hawezi kuvumilia, basi anatengeneza au analetewa kitu kinachofanana na marehemu. Na nyingi zimeandikwa kama hadithi za fumbo: kuna mlango uliofungwa, kuna mtu anachungulia, kuna siri inayofichwa mpaka karibu na mwisho. Ukisoma haraka utafikiri fumbo ni "hiki kitu kinafanyaje kazi?" Ukisoma polepole utaona fumbo ni lingine: huyu mfiwa alinyimwa nini mpaka akafika hapa?

Hebu tuzifuate hadithi hizo kwa mpangilio wa miaka. Baadaye tutarudi kwetu, sisi ambao wengi tumefiwa bila kuona kaburi.

SANAMU CHUMBANI

Kuna kitabu cha Kilatini cha visa vifupi kinachobeba jina la Hyginus. Ndani yake kuna kisa cha mwanamke wa Kigiriki aitwaye Laodamia. Mume wake, Protesilaus, alikwenda kwenye vita vya Troy. Alikuwa Mgiriki wa kwanza kuruka kutoka merikebuni na kukanyaga pwani ya adui, na akawa wa kwanza kuuawa. Laodamia alibaki nyumbani, ng'ambo ya bahari. Maiti hakuiona, hakuiosha, hakuizika. Akawaomba miungu wamrudishie mumewe kwa saa tatu tu. Wakampa. Saa tatu zikaisha, mume akaondoka mara ya pili.

Hapo ndipo Laodamia alipotengeneza sanamu inayofanana na mumewe, akaiweka chumbani kwake, akajifanya ni kitu cha ibada. Asubuhi moja mtumishi alileta matunda ya sadaka. Akachungulia kwenye ufa wa mlango, akamwona bibi yake amemkumbatia mtu na kumbusu. Akadhani mjane ameingiza hawara. Mbio mpaka kwa baba mzazi, Acastus. Baba akaja, akaingia chumbani kwa nguvu, akakuta sanamu ya mkwe wake. Akaamuru ichomwe moto, ili binti yake asiendelee kuteseka. Moto ulipowaka, Laodamia akajitupa ndani yake akaungua.

Angalia kisa hiki kilivyobeba kila kitu: mapenzi, msiba, siri ya chumbani, na kitu kilichokaa mahali pa mtu. Angalia pia watu wake. Mtumishi alichungulia akaelewa vibaya. Baba alikuwa na nia njema, akaingia kwa nguvu. Na hakuna hata mmoja katika kisa kizima aliyeketi na mjane. Naomba umkumbuke huyu baba, Acastus, maana tutamhitaji mwishoni.

Kuna kisa kingine cha zamani kinachojulikana zaidi, cha Pygmalion, mchongaji aliyependa sanamu aliyoichonga mwenyewe mpaka ikageuka mwanamke hai. Kimeandikwa na mshairi wa Kirumi Ovid, ambaye mwaka 8 alifukuzwa Roma na Kaizari Augustus akapelekwa kuishi Tomis, kwenye Bahari Nyeusi, na hakurudi tena. Watu wengi wanakichukua kama kisa cha mapenzi tu. Wanasahau kwamba katika kitabu cha Ovid anayekiimba ni Orpheus, mwanamuziki aliyempoteza mke wake Eurydice mara mbili: kwanza kwa kuumwa na nyoka, halafu alipogeuka nyuma kumtazama wakati anamtoa kuzimu. Yaani hata kile kisa cha sanamu iliyopata uhai, kisa chenye mwisho mzuri, kimetoka mdomoni mwa mfiwa.

MWANASESERE ANAYESIKILIZA

Sasa turuke karne nyingi mpaka Ulaya. Miaka ya 1770 mafundi wa saa wa Uswisi, familia ya Jaquet-Droz, walikuwa wameshatengeneza mwanasesere anayeandika kwa wino na mwingine anayepiga kinanda. Watu walilipa kwenda kuwaona. Swali likaanza kuzunguka vichwani: kama mashine inaandika, inashindwa nini kupenda?

Mwanasheria na mwanamuziki wa Kijerumani, E. T. A. Hoffmann, alilichukua swali hilo mwaka 1816 katika hadithi yake Der Sandmann. Kijana Nathanael alifiwa na baba yake akiwa mtoto. Baba alikufa nyumbani kwa mlipuko, usiku, akifanya majaribio ya siri pamoja na mwanasheria mmoja wa kutisha aitwaye Coppelius. Coppelius akatoweka. Hakuna aliyeshitakiwa, hakuna aliyemweleza mtoto kilichotokea. Nathanael anakua na swali hilo. Akiwa mwanafunzi anakutana na mchuuzi wa miwani, anaitwa Coppola, na anashindwa kujua: ndiye yule yule au ni wasiwasi wake mwenyewe?

Anamnunulia darubini ndogo. Kwa darubini hiyo anamwona Olimpia, binti wa profesa, katika nyumba ya ng'ambo, na anampenda. Olimpia ni mwanasesere. Neno lake ni karibu moja tu, "ah! ah!" Lakini Nathanael anamsomea mashairi na hadithi zake saa nyingi, na anaona hajawahi kupata msikilizaji mzuri kama huyu. Hoffmann anaeleza kwa nini: Olimpia hafumi wakati unaongea, haangalii dirishani, hachezi na mbwa wala paka. Anakukazia macho tu. Wakati huo Nathanael ana mchumba wa kweli, Clara, msichana mwenye akili anayembishia na kumwambia woga wake unatoka moyoni mwake mwenyewe. Nathanael anamkasirikia Clara na kumwita mashine isiyo na uhai! Aliye hai ameitwa mashine, na mashine imepewa roho. Hadithi inaishia kwenye mnara, na Nathanael anaruka chini.

Mwaka huo huo wa 1816, huko Uswisi, msichana wa miaka 18 alianza kuandika Frankenstein, iliyochapishwa mwaka 1818. Baadaye alijulikana kama Mary Shelley. Si hadithi ya mapenzi, lakini mwandishi wake alikuwa mfiwa tangu kuzaliwa: mama yake alifariki mwaka 1797, siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto hakufikisha wiki mbili. Katika daftari lake aliandika kwamba aliota mtoto amerudi: kumbe alikuwa na baridi tu, wakamsugua karibu na moto akawa hai. Akaamka, hakuna mtoto. Mwaka mmoja baadaye akaandika habari ya kijana ambaye, muda mfupi baada ya mama yake kufariki, anakwenda chuoni na kuanza kutafuta namna ya kukipa uhai kitu kilichokufa.

SAUTI ILIYOHIFADHIWA

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza fonografu, chombo cha kwanza kilichoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudia. Mwaka uliofuata aliandika gazetini orodha ya kazi ambazo chombo hicho kingeweza kufanya. Mojawapo ilikuwa kuhifadhi sauti za watu wa familia, pamoja na maneno ya mwisho ya anayekufa. Maana yake sauti ya marehemu ilikuwa kwenye mipango ya biashara tangu siku za mwanzo kabisa.

Mwandishi wa Ufaransa, Villiers de l'Isle-Adam, alimchukua huyo huyo Edison akamfanya mhusika wa riwaya yake L'Ève future ya mwaka 1886. Katika riwaya hiyo, bwana wa Kiingereza, Lord Ewald, anataka kujiua kwa sababu mwanamke anayempenda, Alicia, ana sura nzuri lakini moyo wake ni mtupu. Edison anamtengenezea mwanamke wa mashine aitwaye Hadaly, mwenye umbo la Alicia, na maneno yake yamenaswa kwenye fonografu za dhahabu. Riwaya hii ndiyo iliyosaidia kulieneza neno "android", ambalo leo liko kwenye simu zetu nyingi.

Mwishoni meli inaungua baharini. Hadaly amefungwa ndani ya sanduku, anateketea. Alicia wa kweli naye anakufa. Ewald anapeleka telegramu: anayemlilia ni Hadaly peke yake. Mwanamke aliyeishi na kupumua hakupata hata chozi. Hapo utaona hadithi imegeuka. Laodamia alilia mtu, akatengeneza sanamu. Ewald anamwacha mtu, analia sanamu.

MSIBA ULIOKATWA KWENYE FILAMU

Wengi wameona picha ya roboti wa kike wa filamu ya Metropolis, hata kama hawajui jina la filamu. Iliandikwa na Thea von Harbou, ikaongozwa na Fritz Lang, ikaonyeshwa Berlin Januari 1927. Ndani yake kuna fundi aitwaye Rotwang. Alimpenda mwanamke aitwaye Hel, lakini Hel akaolewa na Fredersen, mtawala wa mji, na akafa akimzaa mtoto wao. Rotwang anaishi peke yake katika nyumba ya kizamani katikati ya maghorofa. Nyuma ya pazia ana mnara wa kumbukumbu wenye kichwa kikubwa cha Hel. Roboti aliitengeneza ili Hel arudi, na katika kazi hiyo alipoteza mkono mmoja.

Sasa sikia kilichotokea. Filamu ilipopelekwa Marekani waliifupisha, na habari yote ya Hel ikatolewa. Sababu mojawapo ni kwamba jina lake linafanana na neno la Kiingereza la jehanamu. Kwa miaka mingi watazamaji wengi duniani waliona fundi mwenda wazimu na roboti mbaya, bila kujua roboti ile ilizaliwa na kilio. Mwaka 2008 nakala iliyokaribia kuwa kamili ilipatikana Buenos Aires, Argentina, na mwaka 2010 filamu ikaonyeshwa tena ikiwa na Hel wake.

Nadhani jambo hili ni fundisho kwa yeyote anayesikiliza habari za watu. Ukikata msiba wa mtu kwenye habari yake, anachobaki nacho ni tabia za ajabu. Kijana anayekataa shule, mama anayeongea peke yake, mzee anayegombana kwenye foleni ya maji: ukimwangalia bila Hel wake utasema ni mkorofi.

MGENI ASIYE NA VIFUNGO VYA GAUNI

Mwaka 1961 Stanisław Lem wa Poland alitoa riwaya ya Solaris. Lem alizaliwa Lwów mwaka 1921. Baada ya vita vya pili mji huo ukawa wa Wasovieti, na familia yake ikahamia Kraków. Riwaya inaanza kama ya upelelezi. Kris Kelvin anafika kwenye kituo cha anga juu ya sayari iliyofunikwa na bahari. Mwenzake mmoja amejiua. Wengine wawili wanajifungia vyumbani, wanaogopa kusema wanaficha nani.

Kelvin analala, anaamka, anamkuta Harey ameketi chumbani. Harey alikuwa mke wake, na alijiua baada ya ugomvi wao miaka mingi nyuma. Bahari ya sayari ile inaweza kusoma akili za watu, na imemtoa Harey kwenye kumbukumbu ya Kelvin. Kuna alama ndogo inayofichua siri: gauni lake halifunguki. Vifungo ni vya pambo tu, lazima likatwe kwa mkasi. Kelvin alikumbuka gauni, hakukumbuka linavyofunguliwa.

Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Kila kitu kinachotengenezwa kutoka kwenye kumbukumbu yetu kina vifungo vya namna hiyo. Kina yale tuliyoyaangalia. Yale ambayo marehemu alikuwa nayo peke yake, ambayo hatukuwahi kuyauliza, hayamo.

Huyu Harey wa pili polepole anagundua kwamba yeye si yule wa kwanza. Na ni yeye mwenyewe, si Kelvin, anayeamua yaishe. Anawaomba wenzake Kelvin wamwondoe, anaacha barua. Katika hadithi zote nilizozitaja, hii ndiyo ambamo aliyetengenezwa anamhurumia mfiwa kuliko mfiwa anavyojihurumia.

KUTOKA "AH" MPAKA "NIAMBIE ZAIDI"

Mpaka hapo zilikuwa hadithi tu. Mwaka 1966 mashine ya kweli ilianza kujibu. Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Weizenbaum alikuwa mkimbizi: alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 familia ikakimbia Ujerumani ya Hitler. Jina ELIZA alilitoa kwenye tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo, sikiliza vizuri, Pygmalion. Kisa cha Ovid kilikuwa bado kinatembea.

ELIZA haikuwa na akili yoyote. Ilitafuta neno kuu kwenye sentensi yako na kukurudishia kama swali. Ni kama ukiandika kwa Kiswahili "nina huzuni kwa sababu ya mama", nayo ikajibu "niambie zaidi kuhusu familia yako". Basi. Lakini katibu wa Weizenbaum, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi na alijua ni programu tu, alianza kuongea nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba bosi wake atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka. Mwaka 1976 akaandika kitabu kizima kuonya kwamba kuna kazi za binadamu ambazo mashine isipewe, hata kama inaweza kuzifanya. Nathanael na Olimpia wake wangemwelewa haraka.

Februari 2013, mfululizo wa televisheni wa Uingereza uitwao Black Mirror ulionyesha kipindi cha Be Right Back. Martha, mjamzito, anaishi katika nyumba iliyo mbali na watu. Mpenzi wake Ash anakufa kwa ajali ya gari. Programu inakusanya kila alichoandika mtandaoni na kumjibu Martha kwa meseji, baadaye kwa sauti, baadaye kwa mwili mzima. Mwishoni Martha hawezi kuishi naye na hawezi kumtupa, basi anamweka darini.

Chini ya miaka mitatu baadaye, Novemba 2015, kijana aitwaye Roman Mazurenko aligongwa na gari Moscow akafa. Rafiki yake Eugenia Kuyda, mwenye kampuni ya programu za kuongea, alikusanya meseji zake na mwaka 2016 akatengeneza programu inayojibu kama Roman. Baadhi ya jamaa na marafiki walifarijika, wengine waliikataa kabisa. Mwaka 2017 kampuni yake ikafungua Replika, rafiki wa mashine kwa kila mtu.

Na mwaka 2021 Kazuo Ishiguro alitoa riwaya ya Klara and the Sun. Mama mmoja amefiwa na binti wa kwanza, na wa pili, Josie, ni mgonjwa. Fumbo la riwaya ni kwa nini mama anampeleka Josie kwa mtu anayesema anamchora picha. Kumbe anatengeneza mwili, ili roboti Klara aingie na kuendelea kuwa Josie kama akifa. Josie anapona. Klara, baada ya kufikiri sana, anaona kwamba asingefaulu: kile kilichomfanya Josie awe Josie hakikuwa ndani yake, kilikuwa ndani ya watu waliompenda.

SASA TURUDI KWETU

Zipange hadithi hizi zote mstari mmoja utaona kitu. Laodamia hakuzika. Nathanael hakuambiwa ukweli. Rotwang hakuwa na jirani. Kelvin hakupata kuomba msamaha. Martha alikuwa peke yake shambani. Mashine inaingia pale ambapo kilio kilikatishwa, pale ambapo watu hawakuja.

Nani anajua habari hiyo kuliko sisi? Tuna watu waliozikwa haraka kando ya njia, na watu ambao hawakuzikwa. Tuna watu ambao hatujui kama wamekufa. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, tangu miaka ya 1970 amechunguza msiba wa aina hii, msiba usio na uhakika, akianza na familia za askari waliopotea vitani Vietnam. Mtu hayupo nyumbani lakini hajaondoka moyoni, na hakuna wa kukupa pole kwa sababu hakuna aliyetangaza kifo.

Wazee wetu walijua kwamba kilio kinahitaji mwanzo na mwisho. Kwenye matanga watu wanakuja, wanalala kwenye mikeka, wanachanga unga na kuni, wanaimba, hata wanataniana. Halafu inafika siku ya kuanua matanga. Warundi wanaita kuganduka. Siku hiyo haisemi umesahau. Inasema jamii imeona, sasa unaruhusiwa kurudi shambani, kucheka, hata kuolewa tena.

Mashine haina siku hiyo. Itajibu saa nane usiku, itajibu kesho, itajibu mwaka kesho, ilimradi una bando na chaji. Haitachoka kama shangazi, haitakuambia "mwanangu, nawa uso twende". Na kwa aliyepotea ni mbaya zaidi. Ukitengeneza mashine ya kaka yako ambaye hujui alipo, umeshamzika au bado unamngoja? Msalaba Mwekundu bado wanatafuta ndugu waliopotezana, na wapo wanaopatikana baada ya miaka. Fikiria anapiga simu siku moja, na wewe umeshazoea yule mwingine anayekubali kila unachosema.

Halafu kuna suala la lugha. Programu hizi zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza na lugha nyingine kubwa. Mama zetu hawakuacha maandishi mtandaoni. Waliacha sauti chache za Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kiswahili cha kuchanganya. Mashine ikikosa maneno ya mama itajaza ya watu wengine. Mama ambaye maisha yake yote hakusema "nakupenda" hata mara moja, aliyesema tu "umekula?", atarudi akisema "nakupenda sana mwanangu, nipo kwa ajili yako". Utafurahi dakika mbili. Halafu utajiuliza huyu ni mama wa nani.

Lakini sasa tumkumbuke Acastus. Nasema hasa na wafanyakazi wa mashirika, wachungaji, mashehe, walimu, na sisi tunaofanya kazi na vijana. Baba yule aliona binti yake anateseka, akachoma sanamu, na akampoteza binti. Ukimkuta kijana amelala na kitochi kilichopasuka kwa sababu kina sauti ya baba yake, usimwambie "futa hiyo, songa mbele". Sauti iliyonaswa si mashine inayoigiza. Inasema kile tu marehemu alichosema, na inanyamaza pale aliponyamaza. Hiyo ni kumbukumbu, mwachie, tena msaidie kuihamisha kwenye memori kadi nyingine kabla simu haijafa. Na hata ukimkuta ameshaanza kuongea na programu, kuingia kwa nguvu hakutamsaidia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa na wa mbali wakaingia. Keti naye. Muulize huyo mtu alikuwa nani, alipenda chakula gani, alikuwa anakosea wapi. Mtumishi wa Laodamia angegonga mlango na kuuliza, badala ya kuchungulia na kukimbia, pengine kisa kingekuwa kingine.

Na kuna njia nyingine ambayo watu hawa wote, kuanzia Ovid kule uhamishoni mpaka Mary Shelley na mtoto wake wa ndotoni, waliijua. Waliandika. Hadithi nayo inamrudisha marehemu: anaongea, anapendwa, anabishana. Tofauti ni kwamba hadithi ina ukurasa wa mwisho, na lazima wewe uliyeiandika uufikie. Ukifika hapo unamsomea mtu mwingine, naye anakuuliza maswali, na tayari mko wawili.

Vijana wetu wanapenda hadithi za mapenzi na za upelelezi. Basi tuziandike hapa hapa, kwa lugha zetu: msichana anayepokea meseji kutoka kwa namba ya mchumba aliyebaki ng'ambo ya ziwa, na hajui anayeandika ni nani. Mimi sijui itaishaje. Anayeweza kuimaliza ailete, tutaisoma pamoja.